Bima ya Saa ya Mzee Mulenga

Tangu ile saa ya dhahabu ifungwe mkononi mwake, Léonard hakuujua tena usingizi wa maana. Ungedhani mtu aliyepewa saa ya Uswisi, yenye thamani ya kuishinda nyumba anayopanga, angetembea kifua mbele. Wapi! Yeye alitembea kama aliyebeba mayai mfukoni. Akipita mtaani kwake Kampemba alivuta mkono wa koti hadi kwenye vidole, hata siku za jua la kupasua utosi. Darasani, alikofundisha hesabu, mwanafunzi akimwuliza ni saa ngapi, alichungulia simu.

Saa ilikuwa ya baba yake, mzee Mulenga, dereva wa treni, mzaliwa wa Kilwa ya ziwani, si ile ya pwani. Mgiriki mmoja aliyekuwa akinunua samaki wa ziwani aliivua mkononi mwake akampa mzee siku alipoihama nchi, kwa kuwa katika miaka yote ile hakuna furushi lake lililowahi kupotea kwenye treni ya Mulenga. Mzee akaivaa hadi alipoaga dunia. Kilio kilipokwisha, wakubwa wa ukoo waliketi mtaa wa Kamalondo, katika uwanja wa nyumba aliyoijenga marehemu, wakafanya lile waliitalo kupyana. Wakachagua mtoto mmoja arithi jina.

Na kwa watu hawa kurithi jina si mchezo. Aliyelirithi anakuwa ndiye yeye. Rafiki za marehemu wanamwamkia kama mwenzao, wajukuu wanamwita babu, na kaka yake mkubwa, apende asipende, anamwita papa, yaani baba. Neno la nyumba linakuwa lake.

Walimchagua Léonard, mtoto wa nne, mpole, aliyezoea kuulizwa maoni yake wenzake wakishaamua. Walimruka Laurent, mkubwa wao, mfanyabiashara wa samaki kule Kilwa, kwa sababu kila mtu alijua kwamba Laurent ameshaipatia ile nyumba mnunuzi. Mnunuzi mwenyewe alitaka kuibomoa aweke ghala la bia. Mama yao, Mama Madeleine, angepelekwa Kilwa akapunge upepo wa ziwa. Mama hakutaka upepo wa ziwa. Alitaka kufia Kamalondo, karibu na kanisa lake na majirani aliogombana nao tangu ujana.

Mjomba aliyemfunga Léonard ile saa alisema mbele ya watu wote, "Mulenga, saa yako ni hii. Siku itatoka ku mukono yako, tutajua baba amekukatala."

Maneno hayo Laurent aliyahifadhi vizuri kuliko katekisimu. Kila wiki alipiga simu kutoka Kilwa.

"Papa, saa iko?"

"Iko."

"Muzuri. Uichunge sana, papa."

Usiyemjua ungesema anamtakia mema. Léonard alimjua, na kila simu ilipokatika aliipapasa saa. Saa ikipotea, jina linakwenda kwa Laurent. Jina likienda, nyumba inakwenda, na mama anapandishwa lori la samaki na sufuria zake. Hesabu yenyewe ilikuwa fupi, hata mtoto wa darasa la kwanza angeipata.

Basi wezi wakavunja geti la jirani. Léonard akaanza kuihamisha saa kama paka anayehamisha watoto: mara ndani ya soksi, mara chini ya gunia la makaa, mara kwenye kopo la unga. Siku aliyoiweka kwenye unga, mkewe Agnès aliichota pamoja na unga wenyewe, ikanusurika kidogo tu kusongwa bukari, ugali wao.

Agnès aliishika kwa vidole viwili, nyeupe pe. "Léonard, hii saa itakuua. Kamata assurance! Bantu banaassurer motoka, banaassurer nyumba, juu ya nini hapana saa?"

Lilikuwa wazo zuri. Mwanamke anaweza kutoa wazo zuri na bado likakupeleka pabaya, na hapo usimlaumu mwanamke.

Léonard alivaa koti lake la harusi, akaenda mjini kwenye ofisi moja ya bima. Alipokewa na msichana mpole aitwaye Chancelvie, aliyemletea maji ya kunywa kabla hata hajaketi. Chancelvie aliigeuzageuza saa, akatabasamu.

"Ni muzuri, papa. Uko na facture, ile karatasi ya duka?"

"Hapana. Ni ya baba yangu."

"Donc itaomba expertise, muntu wa kuipima bei. Expert wetu iko Kinshasa."

Mkono wa Léonard uliruka wenyewe ukaifunika saa. "Itaenda Kinshasa?"

"Ao yeye atakuya huku, unamulipia tiketi ya ndeke."

Kisha akamtajia bei ya bima kwa mwaka, na Léonard akamaliza yale maji kwa mkupuo mmoja. Mshahara wa mwalimu ungetosha pengine kuukatia bima ule mkanda wa saa, na nao kwa kuomba punguzo.

"Na tena, papa, utaiweka mu coffre, sanduku ya chuma," Chancelvie aliendelea taratibu. "Kama unaivala mu barabara, contrat haifanye kazi."

"Lakini bazee banataka niivale. Ku kilio, ku mukutano, kila pahali."

"Ndiyo, papa, ninasikia. Lakini mu coffre."

"Donc muko naassurer saa yenye haivaliwe?"

"Ni vile, papa," alisema, na kwa kweli alimhurumia.

Kama angeishia hapo! Lakini woga haukai kitako. Akamtafuta kijana mmoja wakala, Guelord, aliyesifika kwa kupata bei nafuu za kila kitu, toka tiketi hadi mabati. Guelord aliomba picha tu. Léonard akaipiga saa picha ikiwa mkononi mwake, na geti la nyumba nyuma yake, akaituma. Hazikupita siku nyingi, mama muuza makaa wa pembeni akamwita kwa sauti ya kufika mtaa wa Ruashi.

"Papa Léonard! Kumbe uko na saa ya zahabu, na unanidai bado chenji!"

Kumbe Guelord, katika kusaka bei, aliisambaza ile picha kwenye makundi yote ya simu aliyokuwamo. Sasa Kampemba nzima ilijua saa iko wapi na geti lake ni la rangi gani. Léonard alimpigia Guelord akafoka, Guelord akajibu bila wasiwasi, "Lakini papa, ulisema nitafute fasi ya bei chini. Niliuliza bantu." Na hilo lilikuwa kweli.

Tangu hapo kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya geti ilimtoa jasho jembamba. Alikonda. Alianza kukosea kujumlisha ubaoni. Alikuwa akiogopa, basi. Hakuna neno jingine la kulipamba.

Ndipo alipokumbuka chama. Watu waliotoka upande wa Kilwa walikuwa na chama chao cha kusaidiana, wenyewe wakikiita mutuelle, kilichokutana Jumapili baada ya misa. Mchango wake ulikuwa mdogo, wa kila mwezi, na mwanachama akifa chama kinabeba kila kitu: turubai, viti, chakula, na bahasha nono kwa mjane. Rais wake alikuwa Mama Nkandu, muuza samaki wakavu, mwanamke wa miraba minne aliyependa sheria za chama chake kuliko padri anavyopenda sadaka. Mzee Mulenga mwenyewe alikuwa mwanachama, na alizikwa na chama kwa heshima zote.

Mama Nkandu alimsikiliza Léonard hadi mwisho, mikono kifuani.

"Statut inasema tunasaidia muntu. Saa hapana muntu."

"Mama, ninajua. Lakini mupate fasi."

Mama Nkandu alifikiri. Alikuwa na huruma, hilo tusimnyime, tena alipenda fumbo la sheria. "Wewe uko membre kwa jina ya Léonard, unalipa yako. Lakini Mulenga, si alipyaniwa? Si alirudia? Basi Mulenga iko, na alikuwa membre wetu. Tunaweza kumurudisha. Wewe unabakia Léonard, na ile saa ndio Mulenga. Unamulipia cotisation yake. Siku saa inapotea, Mulenga amekufa, na tunakupa makuta sawa kwa kila membre. Unakubali?"

Mwalimu wa hesabu alisikia bei nafuu, akasikia saa inapotea, akasikia makuta, yaani pesa. Yale ya katikati yalimpita. "Ninakubali, mama! Aksanti sana!" Alirudi nyumbani akipiga mluzi, na Agnès akachinja kuku.

Furaha haikuota mizizi. Mwanachama wa mutuelle ana wajibu, na wajibu wa kwanza ni kuhudhuria vilio vya wenzake. Sasa Mulenga naye alikuwa mwanachama. Mtu akifa mtaa wa Katuba, Mama Nkandu alipiga simu: "Mulete na Mulenga." Mtu akifa kule mtaa wa Kenya, vivyo hivyo. Saa ambayo Léonard alikuwa akiificha ndani ya soksi sasa ilitakiwa kuonekana. "Kunja mukono ya koti, tuone membre," walimwambia, na akina mama wakaishika ile saa kwa mikono miwili, wakaiamkia, "Papa Mulenga, jambo," wakacheka, wakamwombea. Hawakuwa wakidhihaki, au walidhihaki kidogo tu. Katikati ya umati wa watu asiowajua, Léonard alikaa roho juu, kiganja juu ya kioo.

Ikafika siku ya mazishi ya mzee mmoja wa Katuba. Walirudi wengi kutoka makaburini, wamejaa vumbi, na langoni pa wafiwa kulikuwa na beseni la maji, kwani hakuna anayetoka kaburini akaingia kula bila kunawa mikono. Saa ile ya zamani iliogopa maji. Léonard aliivua kama alivyofanya kila mara, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akainama akanawa. Nyuma watu walisukumana, mbele watu walipisha, bega hili, kiwiko kile, akajikuta ndani ya uwanja ameshikishwa sahani. Akaingiza mkono mfukoni.

Kulikuwa na leso tu.

Aliingiza mkono tena, na tena, kana kwamba saa ingeona haya na kurudi. Akageuza mifuko yote. Akalirudia beseni, akaingiza mikono kwenye yale maji machafu hadi kwenye viwiko, akapapasa majani, akatazama chini ya viti. Kupiga kelele za mwizi hakuweza, maana kumwita mtu mwizi kwenye kilio ni kuwavua wafiwa nguo hadharani. Alirudi Kampemba kwa miguu, macho chini, akitembea njia nzima mkono wa kulia umeushika wa kushoto.

Agnès alimtazama tu, akajua. "Lakini uko na mutuelle," alisema baada ya kulia kidogo. "Balipe. Tutauza na ile frigo, tununue ingine ya kufanana nayo mbele ya Laurent kujua." Hata yeye mwenyewe hakuamini sana. Ila lilikuwa tumaini, na Léonard alilishika.

Mama Nkandu alipokea habari akiwa amesimama sokoni. Akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga kiunoni.

"Basi Mulenga amekufa. Tutalia."

"Hapana kulia, mama. Nilikuwa naomba tu makuta."

"Makuta inatoka ku kilio, Léonard. Bila kilio hakuna makuta. Na mujane anaikala pa mukeka, anapokea. Ni statut. Jumamosi asubui, Kamalondo, kwa Mama Madeleine. Na famille ya marehemu tutaiita, hiyo pia ni statut. Ile mukubwa wenu wa Kilwa, nimekwisha kumupigia telefone."

Hapo ndipo yale ya katikati yalipomrudia Léonard, moja baada ya jingine, akiwa amesimama kati ya mabeseni ya samaki. Saa ndiyo Mulenga. Saa imekufa, basi Mulenga amekufa. Mulenga akifa jina liko wazi, na jina likiwa wazi ukoo unaketi upya kumchagua mrithi. Alikuwa amelipa kila mwezi, bila kukosa, ili siku ya hatari Laurent afunguliwe mlango wa nyumba ya mama yake kwa mikono ya chama kizima.

Jumamosi asubuhi turubai lilikuwa limefungwa, viti vimepangwa, na chungu za chakula ziko motoni. Akina mama walikaa chini wakianza nyimbo za maombolezo, na kwa kuwa wengi wao walimpenda mzee Mulenga kweli, machozi yaliwatoka ya kweli. Léonard alisimama karibu na mlango, mkono mtupu, amevimba macho. Laurent alishuka barabarani kutoka juu ya lori, mweupe wa vumbi toka nywele hadi viatu, barabara ya Kilwa imemchakaza, lakini uso wake uling'aa. Alimpita Léonard bila kumwita papa.

"Pole, mudogo yangu," alisema, na hilo neno mdogo lilimchoma kisu. Akawageukia watu. "Bazee bako wapi? Tulie, tumalize, tupyane. Baba amesema. Alikuwa ku mukono, ametoka mwenyewe."

Wazee wawili watatu walitikisa vichwa. Mjomba aliyafuta macho yake. Mama Nkandu akatandika mkeka mpya katikati ya uwanja, akasimama kando yake na ile bahasha, akasema kwa heshima kubwa, "Mama mujane akuye aikale."

Mama Madeleine alitoka ndani. Walikuwa wamemfunga kitambaa cheusi. Alikuja polepole kwa magoti yake mabovu, ameshikwa na wanawake wawili, akautazama mkeka ule kama mtu anayetazama kitanda cha hospitali alichokwisha kukilalia. Akaanza kuinama.

Léonard alijua kwamba akinyamaza kidogo tu bahasha ingekuwa yake. Alijua pia kuwa mama akigusa mkeka, mambo yamekwisha. Maisha yake yote hakuwahi kupaza sauti mbele ya Laurent, hata utotoni aliponyang'anywa nyama.

"Mama, usiikale!"

Nyimbo zilikatika. Mama Nkandu alitumbua macho. "Unakatala makuta, Léonard?"

"Ninakatala." Sauti ilitetemeka, naye akaiacha itetemeke. "Saa, niliipoteza miye. Haikukufa, nili-i-po-te-za! Ni miye na ujinga yangu. Lakini Mulenga hakukufa. Mulenga ni miye, niko hapa, nasimama."

Laurent alicheka. "Mulenga gani bila saa? Mujomba alisema nini mbele ya bantu bote? Saa ikitoka ku mukono, ni kusema baba amemukatala. Saa iko wapi? Onyesha!"

Léonard hakuwa na cha kuonyesha. Uwanja ulikuwa ukimwelekea Laurent, kila mtu aliliona hilo, na Mama Madeleine alikuwa bado ameinama nusu, mkono mmoja juu ya goti.

"Laurent," alisema kutoka pale alipoinama, "miye niliolewa na baba yenu mbele wewe uzaliwe. Kila mangaribi akirudia ku kazi, alikuwa anaitosha ile saa ku mukono, anaiweka pa meza, mpaka asubui. Kila siku. Sasa uniambie, mutoto yangu: mu ile mausiku yote, nilikuwa nalala na nani?"

Kwanza alicheka mwanamke mmoja nyuma, akajiziba mdomo. Kisha akacheka mjomba, mzee wa watu, hadi kikohozi kikamkamata. Kikazuka kicheko uwanja mzima, cha watu waliokuwa na machozi mashavuni, na Laurent akabaki katikati yake, kinywa wazi, vumbi limemganda.

"Na kama hakukufa," mama akaongeza kwa ukali, "akuye aninyamule. Magoti inaniuma."

Léonard alikimbia. Alimshika kwapani, akamnyanyua, na mama akamwegemea uzito wake wote, akivuta pumzi. Yule mjomba alikuja akasimama mbele yao, akamtazama Léonard usoni kwa muda, si mkononi.

"Mulenga, jambo," alisema.

"Jambo, mwenzangu," Léonard alijibu, kama inavyopasa.

Mama Nkandu aliirudisha bahasha ndani ya kanga yake, akashusha pumzi ya mtu aliyekosa mazishi mazuri. "Bon. Membre hakukufa. Makuta inarudia mu caisse ya mutuelle. Lakini chakula imekwisha kupikwa, donc mukule." Wanawake wakakunja mkeka.

Saa ya baba yake ilikuwa mkononi mwa mtu asiyemjua, pengine imekwisha kuvuka mpaka, na hilo lingemuuma miaka. Watu walikula, wakaaga mmoja mmoja. Jua lilipoanza kuinama alibaki Laurent peke yake chini ya turubai, mfuko wake miguuni, akiitazama ile nyumba aliyokuja kuiuza. Mwishowe aliinuka, akaja hadi mlangoni aliposimama mdogo wake, akakohoa.

"Papa," alisema, akitazama viatu vyake. "Leo nilale wapi?"

Léonard akamwonyesha chumba cha mbele, kile kisichovuja.